Jibu: Kusaka makopo kwa GPS na watoto hapa Goma

Jambo mama. Umeuliza kama unaweza kuwatoa wanao, wa miaka 6 na 9, wakasake makopo kwa GPS (mchezo wa mmoja kuficha kopo na wengine kulitafuta kwa ramani ya simu), na uangalie nini kwanza. Wangu nawafichia karibu kila Jumamosi.

Kwanza mashimo na mabondeni: mazuku. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haionekani, inatuama chini, hasa alfajiri kabla upepo haujavuma. Wewe uliyesimama unaweza usihisi kitu, mtoto aliyeinama kuokota kopo akaanguka. Siku moja karibu na ziwa nilikuta ndege wawili na mjusi wamekufa ndani ya kijishimo, nyasi zimekauka. Nilimshika binti yangu mkono tukapanda juu mbio. Kwa hiyo ficha juu tu, kwenye ukuta au tawi, na uliza wenyeji. Mashimo yao wanayajua. Akianguka mtu shimoni, usiinamie wala kushuka kumfuata.

Kisha chuma. Vita vimeacha vitu ambavyo havijalipuka. Kopo letu ni la plastiki ya njano siku zote. Chuma chochote hakiguswi: mtoto anasimama, anarudi kwa njia aliyojia, ananiita.

Viatu vya kufunika vidole, maana mawe ya lava yanakata kama wembe. Maji pia. Simu hukosea mita kadhaa, basi mita za mwisho tangulia wewe.

Upande wa Sake, mji ulio magharibi mwa Goma, sijaenda na watoto, siusemei.