Pombe Niliiacha, Nyumbani Wakaendelea Kuniogopa

Mwaka wa kwanza bila pombe nilihesabu siku moja moja. Mia. Mia mbili. Majirani hapa Kaptembwo, Nakuru, walinipongeza, hata kinyozi wangu. Nyumbani hakuna aliyenipongeza, na hilo liliniuma sana hadi jioni moja nilipojionea sababu.

Binti yangu alikuwa mezani na madaftari yake. Niliposukuma mlango tu, alikusanya vitabu mbio, penseli ikaanguka, akaiacha hapo sakafuni akaingia chumbani. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa na miezi minane bila kuonja hata tone. Lakini mtoto alikuwa amejifunza kunisoma kwa vishindo vya miguu, na vishindo vilikuwa vile vile. Bado niliingia na hasira za kazini. Bado nilifoka kwa ajili ya chumvi kwenye sukuma wiki. Pesa za kuchomelea mageti bado nilizificha kwenye soksi. Pombe ilikuwa imetoka, ulevi ukabaki.

Nilimweleza mzee anayenishika mkono katika kikundi chetu cha AA (Alcoholics Anonymous), cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Akafungua kitabu cha AA kwenye zile hatua 12 tunazozifuata, zilizochapishwa mara ya kwanza mwaka 1939, akaniambia, "Kijana wangu, tafuta neno pombe humo." Nililikuta katika hatua ya kwanza tu. Katika zilizofuata kulikuwa na za kujikagua, kukiri makosa mbele ya mtu mwingine, kuandika majina ya tuliowaumiza, kisha kuwarekebishia. Nilikuwa nimekaa miezi yote hiyo kwenye hatua ya kwanza nikidhani nimefika.

Kabla sijaendelea: kama wewe bado unakunywa sana kila siku, usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea unaweza kutetemeka, kuona mambo yasiyokuwepo, hata kupata degedege. Nenda hospitali kwanza. Namba ya NACADA, shirika la serikali ya Kenya la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, na kuipiga ni bure.

Basi, niliandika majina. Kumi na saba. La kwanza lilikuwa la mama mmoja anayeuza omena, ambaye nilimkopa mara nyingi nikawa nazunguka njia ya nyuma nisionane naye. Nilipokwenda nilianza kueleza jinsi nilivyokuwa mgonjwa. Akanikatiza: "Fundi, mimi sikuulizi ugonjwa. Ni elfu moja na mia nne." Nililipa mia mbili kila Ijumaa, wiki saba. Yule mama alinifundisha zaidi ya mahubiri mengi niliyowahi kusikia. Samahani bila malipo ni kumwongezea mtu mzigo, maana sasa anatakiwa akulishe na akusamehe pia.

Kwa hiyo nakushauri uanze na deni linalohesabika. Mke wangu nilimwekea pesa zote mezani kila jioni, pamoja na sarafu, tukazihesabu wote wawili. Miezi ya mwanzo hakusema neno. Usidai kuaminiwa kwa sababu umekaa siku mia bila kunywa. Yeye alikaa miaka tisa na wewe ukinywa. Na hasira ukishindwa kuiacha kazini, simama nje ya mlango. Mimi nilikuwa nakaa kwenye ndoo ya maji hapo nje hadi pumzi itulie, ndipo naingia. Siku nyingine ilichukua nusu saa.

Wapo watakaokukataa. Shemeji yangu alinifungia mlango, na ana haki. Sijamsumbua tena, ila jina lake sijalifuta.

Yamebaki majina mawili, lake na la kaka yangu aliyeko Kondele, Kisumu. Mashine yake ya kuchomelea niliiuza kwa bei ya chang'aa ya wiki mbili. Nimeshanunua nyingine, iliyotumika lakini nzima, nimeijaribu mwenyewe. Jumamosi alfajiri naipakia kwenye matatu.