Ubavu Unaouma: Kichomi, Uzee au Makasia?

SWALI: Dada mtaalamu wa viungo, hujambo? Mimi ni mzaliwa wa Pangani, huu ni mwaka wangu wa 24 hapa Boston. Nina miaka 61. Ninapiga makasia kwenye mashua ya watu wanane, wote wa rika langu, na kila Oktoba tunashindana Head of the Charles, mashindano ya makasia ya mto wa hapa. Mto ulipoganda Januari tulihamia kwenye mashine ya kupigia makasia ndani ya jengo. Nafanya siku tano kwa wiki, saa kumi na moja na robo alfajiri kabla ya kazi, dakika 60 bila kusimama, kishikio cha hewa nimekiweka namba 10. Sasa ni wiki ya tatu ubavu wa kulia unauma, chini kidogo ya kwapa. Nikikohoa au nikijigeuza kitandani nashtuka, na mahali penyewe naweza kupagusa kwa kidole kimoja. Mke wangu anasema ni kichomi, ananichua mafuta ya karafuu. Mwenzangu wa mashuani anasema ni uzee, nikaze tu. Kiuno nacho kimeanza kukaza asubuhi. Sitaki kuacha. Nifanyeje?
*Mzee wa Pangani*

JIBU: Shikamoo, kaka.

Kwanza tuondoe hatari iliyo kubwa kuliko zote. Mwanamume wa umri wako akinilalamikia kifua, siulizi makasia, nauliza moyo. Kama maumivu yanabana katikati ya kifua, yanapanda tayani au kushuka mkononi, au yanakuja na jasho jembamba na pumzi kukatika, piga 911, namba ya dharura, hapo hapo. Na ukipata homa na makohozi, basi wifi atakuwa amesema kweli kuhusu kichomi, na hicho ni cha daktari pia, si cha mafuta ya karafuu.

Ila maumivu uliyonieleza, ya mahali pamoja panapoguswa kwa kidole, yanayochoma ukikohoa na ukijigeuza kitandani, yanafanana mno na ufa wa ubavu. Nayajua kwa mwili wangu. Nilianza makasia nikiwa na miaka 49, na nikiwa na 55 ubavu wangu wa saba uliniuma vivyo hivyo mwezi mmoja kabla ya mashindano. Kliniki niliyokwenda walinipiga picha, wakasema ni msuli, wakanipa vidonge. Nikashindana. Katikati ya safari nilisikia kitu kikiachia ubavuni, na baada ya hapo nilikaa wiki 11 bila kugusa kasia. Mtaalamu mzima wa viungo, nilijua cha kufanya nisikifanye. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Ufa huo hautokani na kuanguka. Ni mfupa uliochoka. Kila unapovuta, misuli inayolishikilia bega na ile ya ubavuni inauvuta ubavu huku na huku, maelfu ya mara kwa wiki. Mfupa hujijenga tena ukipumzika, lakini ukiuongezea mzigo kabla haujamaliza kujijenga, unaanza kupata ufa. Zinazoumia zaidi ni mbavu za 5 hadi 9, upande wa ubavuni. Na mara nyingi huanza hivi kama kwako: mtu ametoka majini, akaingia kwenye mashine, akaongeza muda na uzito kwa mpigo.

Namba 10, kaka! Wengi hudhani namba kubwa ndiyo mazoezi makubwa. Namba hiyo hufungua hewa nyingi, gurudumu la mashine linakuwa zito kama mashua iliyojaa mchanga, na kila mvuto unaubeba kwa mbavu na kiuno. Ukirudi, anza na 3 au 4. Jasho litatoka vilevile.

Umekulia Pangani, kwa hiyo labda kafi umelishika kabla hujajua kusoma. Kafi unalishika mikononi tu na unatazama uendako, nguvu inatoka mabegani. Kasia limefungwa kwenye kishwara, mgongo ndio unaoelekea unakokwenda, na kiti kinateleza ili miguu ndiyo isukume. Wengi wetu wa pwani mikono inakumbuka kafi: tunavuta mapema kwa mabega, miguu ikiwa bado haijasukuma. Mwombe mtu akurekodi kwa simu kutoka pembeni, utazame kama mgongo unapinda kabla magoti hayajanyooka.

Kiuno chako kina sababu nyingine, nayo ni saa. Usiku, zile gegedu laini kati ya pingili za mgongo hunywa maji na kuvimba. Saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo wakati mbaya kabisa wa kukunja mgongo mara mia kadhaa. Amka mapema zaidi, tembea, kunywa chai yako, ndipo ukae kwenye mashine. Na zile dakika 60 zikate: dakika 20, shuka ujinyooshe, rudi tena. Kukaa zaidi ya nusu saa mfululizo kwenye mashine kunahusishwa na maumivu ya kiuno kwa wapiga makasia. Ila ukipata ganzi sehemu za siri au ukashindwa kuzuia mkojo, usisubiri kesho. Nenda hospitali saa hiyo.

Kwa ubavu, mwone daktari wiki hii. Mwambie neno kwa neno kwamba unapiga makasia. Picha ya X-ray siku za mwanzo mara nyingi haionyeshi ufa, kwa hiyo ikitoka safi usiridhike; ulizia MRI, picha inayoona zaidi ya X-ray. Omba pia vipimo vya vitamini D na uimara wa mifupa. Boston, kuanzia Novemba hadi Februari, jua halina nguvu ya kuifanya ngozi itengeneze vitamini hiyo, na ngozi nyeusi kama yetu huhitaji jua zaidi hata wakati wa kiangazi. Watu hudhani mifupa hafifu ni ya akina mama waliokoma hedhi peke yao. Wanaume nao huipata, hasa waliotumia dawa za steroidi muda mrefu.

Wifi naomba apumzishe mikono, kuchua juu ya ufa kunauchokoza. Makasia yasimame, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Baiskeli ya ndani na kutembea ruksa, mradi ubavu haulalamiki. Ukiweza kukohoa na kulalia upande huo bila maumivu, anza na dakika 10 nyepesi, siku moja ndiyo moja hapana, na ukipata nafasi anzia majini kuliko kwenye mashine.

Mwenzako anayekwambia ukaze anakupenda, lakini amekosea. Katika umri wetu mwili bado unaongezeka nguvu, ila unahitaji siku nyingi zaidi kati ya kazi na kazi. Siku tano kwa wiki za dakika 60 bila kusimama zinaweza kumuumiza hata kijana.

Sasa ni Februari. Ukipumzika leo, barafu itakapokuwa imeyeyuka utarudi mtoni na wenzako, na Oktoba bado iko mbali. Majibu ya vipimo yakitoka, niandikie, nami nitakupangia wiki zako za mwanzo.