Kununua shamba Idjwi: jibu kwa ndugu wa Lubumbashi

Ndugu, umeuliza kama Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu hapa Kongo, panafaa kutembelea, na kama wewe wa Lubumbashi unaweza kupata shamba kule.

Kutembea ni jambo jepesi. Boti zinatoka Bukavu, nyingine Goma, na ukishuka utakuta mananasi, kahawa, ndizi na maharage mpaka juu ya milima. Mananasi ya kule, nunua kwa mama anayeyavuna mwenyewe. Utamu wake hauna mfano.

Shamba ndilo la kuangalia vizuri. Kisiwa kina machifu wawili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, basi jua kwanza uko kwa mwami (chifu) gani. Watu ni wengi, mashamba ni madogo, na kila kipande kina watoto wanaokitegemea. Ndiyo maana nakusihi: usimpe baba pesa peke yake. Mama, watoto wakubwa na majirani wote wawepo, muuzunguke mpaka wa shamba pamoja kwa miguu, maana mara nyingi mpaka ni mstari wa miti tu, na mti hung'olewa usiku.

Halafu, kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 ardhi yote ni ya Serikali. Mkongomani hupewa haki ya kuitumia daima, na ushahidi wake ni cheti cha usajili. Karatasi ya chifu inasaidia, lakini haitoshi. Kabla ya kulipa, peleka jina la muuzaji kwenye ofisi ya hati za ardhi, waangalie kama kipande hicho hakijaandikwa kwa mtu mwingine.