Dizeli au petroli: jibu kwa mdau aliyeuliza kuhusu CX-5

Mkuu uliyeuliza, nimesoma swali lako pamoja na majibu uliyopewa. Umesema unakaa Tegeta, kazi iko Posta, na mwisho wa mwaka unapeleka familia Songea. Umeona Mazda CX-5 mbili za mwaka uleule wa kutengenezwa, zote bado ziko Japani, moja petroli ya 2.0 na nyingine dizeli ya 2.2. Wadau wengi wamekwambia chukua dizeli, haili mafuta na ina nguvu. Hilo ni kweli kabisa. Ila kwa matumizi uliyoyataja mimi nakwambia chukua petroli, na nakwambia hivyo nikiwa mtu ninayekula kwa gari ya dizeli.

Nina Hilux yenye injini ya 2KD, nasafirisha nayo mzigo kati ya Njombe na Dar. Kwa kazi hiyo hakuna petroli utakayonipa nikakubali kubadilishana. Ukiwa umepakia halafu unaanza kupanda Kitonga, dizeli inavuta kuanzia chini kabisa, mshale wa mzunguko ukiwa kwenye 2,000 tu, huhitaji kushusha gia kila kona na kuiliza injini. Nguvu hiyo ya chini inatoka zaidi kwenye turbo, na kutokula sana mafuta kunatokana kwa sehemu kubwa na jinsi dizeli inavyobana hewa. Petroli nyingi zinabana kwa uwiano wa 10 kwa 1 hivi au zaidi kidogo, wakati dizeli nyingi ziko 16 hadi 20 kwa 1. Hewa iliyobanwa namna hiyo inapata joto kali, mafuta yakipulizwa humo yanawaka yenyewe, ndiyo maana hukuti plagi za cheche. Halafu lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa asilimia 10 na ushee. Kwa hiyo sifa za dizeli si hadithi za vijiweni.

Tatizo ni kwamba watu wanasifia dizeli moja halafu wananunua nyingine. Mzee anayekwambia dizeli haifi, mara nyingi kichwani ana injini ya 1HZ ya Land Cruiser au zile 3L na 5L za Hilux na Hiace za zamani. Zile pampu yake ni ya chuma tupu, hakuna kompyuta inayosimamia mafuta, fundi wa Makambako anaishusha na kuipandisha jioni hiyohiyo. Baadaye zikaja za common rail kama hii yangu, yaani bomba moja linalogawia nozeli zote mafuta, ambazo mafuta yanasukumwa kwa presha ya zaidi ya mara 1,000 ya presha ya hewa na nozeli, zile zinazopuliza mafuta kwenye silinda, zinaamrishwa kwa umeme. Hizo bado ni ngumu, ila zinataka mafuta safi. CX-5 iko kundi la tatu: ina common rail, ina turbo mbili, na kwenye ekzosi ina DPF, yaani kichujio kinachokamata masizi yasitoke hewani.

Hiyo DPF ndiyo sababu ya mimi kukukatalia dizeli, kwa hiyo hapa naomba tuelewane vizuri.

Masizi yakijaa kwenye kichujio, kompyuta inaamua kuyachoma. Inapuliza dizeli ya ziada ili joto la ekzosi lipande hadi kama nyuzi 600, masizi yaungue yageuke gesi. Ili kazi hiyo ikamilike, gari inatakiwa iwe kwenye mwendo wa kueleweka kwa dakika 15, 20 mfululizo. Ukiwa Chalinze unaelekea Morogoro hutajua hata kama imefanyika. Sasa fikiria asubuhi yako: Tegeta hadi Mwenge unasogea na kusimama, Morocco umesimama, ukifika Posta unazima. Uchomaji ulianza ukakatika. Jioni unaanza tena, unakatika tena. Dizeli ile ya ziada ambayo haikuungua inateremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Kwenye kijiti cha kupimia oili cha hizi Mazda kuna alama ya X juu ya ile ya kujaa. Imewekwa kwa sababu hiyo, kwamba oili ikipanda ikafika pale ujue imechanganyika na dizeli, imwage. Watu wanaona oili imeongezeka wanafurahi gari haili oili, kumbe imekuwa nyepesi na turbo inasagika.

Jirani yangu ana hiyohiyo ya dizeli, anafanyia mizunguko ya Sinza na Kariakoo. Alinikaribisha nipime oili yake. Nilichovya, nikavuta, oili ilikuwa inatiririka kwenye kijiti kama maji, na ukiinusa ni dizeli tupu. Gari ilikuwa imetoka sevisi muda si mrefu, tena kwenye gereji aliyoiamini, na walimwekea oili ya kawaida ya dizeli. Gari hizi kule Japani zinaelekezwa oili ya daraja la DL-1, yenye majivu kidogo, kwa sababu majivu ya oili hayaungui, yanabaki yameziba kichujio milele. Muulize fundi wako leo kama anaijua DL-1. Akikuangalia tu, umeshapata jibu.

Kuna wanaoshauri uitoboe DPF au uiondoe. Mimi siungi mkono. Ule moshi mweusi unaoachwa kituo cha daladala wanauvuta watoto wa shule waliosimama pale.

Tuje kwenye hela. Kwa kuwa unaagiza, angalia ushuru kabla hujaangalia mafuta. TRA wanapanga ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, hawajali inakunywa nini. Kati ya cc 1,001 na 2,000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Petroli yako ina cc 1,997, dizeli ina cc 2,188. Umeshaona. Ingiza zote mbili kwenye kikokotoo cha TRA ulinganishe mwenyewe, na kumbuka kwamba VAT inakuja juu ya ushuru huo.

Kwenye mafuta, tufanye hesabu ya makadirio. Chukua kilomita 14,000 kwa mwaka. Petroli ikikupa kilomita 10 kwa lita na dizeli 13, dizeli inakuokolea lita 320 hivi. Kwa bei ya mfano ya sh 3,000 kwa lita, ni kama sh 960,000 kwa mwaka. Ni hela nzuri, sikatai. Lakini nozeli nne mpya za asili zinaweza kumeza akiba hiyo ya miaka kadhaa kwa siku moja, na hapo hujagusa turbo wala DPF. Zaidi ya hapo, ile imani kwamba dizeli lazima iwe bei chini kuliko petroli imepitwa na wakati. Mwaka 2022 kuna miezi dizeli iliipita petroli. Bei za EWURA, wale wanaodhibiti bei za mafuta nchini, hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, zifuatilie miezi michache kabla hujaamua.

Kitu kingine, unanunua bila kuiona. Dizeli ya mkononi mimi siinunui hadi niikute asubuhi injini ya baridi, niwashe mwenyewe, niangalie moshi, nifungue mfuniko wa oili ikiwa inaunguruma nione kama inapumulia pale, dalili ya injini iliyochoka. Kisha namwita fundi pampu. Anafunga mipira minne inayoonyesha ndani kwenye njia za kurudishia mafuta za nozeli, kila mpira na chupa yake, gari inaachwa inaunguruma bila kukanyaga mafuta dakika chache. Chupa zikilingana na zikiwa na kidogo, vizuri. Nozeli iliyochoka inajaza chupa yake wakati wenzake bado wako chini, unaiona kwa macho, huhitaji kubishana na muuzaji. Kipimo hicho huwezi kukifanya kwa picha za mnada. Petroli nayo inaweza kuja mbovu, ila ugonjwa wake mwingi ni koili, plagi na sensa, vitu vya kutibika bila kuuza kiwanja.

Kuhusu gesi asilia, kwa kuwa uko Dar ni sababu nyingine ya petroli. Chuo cha teknolojia cha DIT na karakana kadhaa wanafunga mitungi ya gesi kwenye gari za petroli. Ila uliza kwanza: CX-5 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na injini za namna hiyo zinataka kifaa tofauti na kinachofungwa kwenye Toyota IST. Usikubali kufungiwa cha kubahatisha.

Ningekushauri dizeli kama ungekuwa unatembea njia ndefu kila wiki, unavuta tela, au unaishi mahali lami ni ya kupita tu. Songea mara moja kwa mwaka haitoshi kuisafisha DPF iliyoshinda foleni miezi kumi na moja.

Ukishikilia dizeli, basi shika haya. Jaza kwenye vituo vinavyouza sana, siyo madumu ya kando ya barabara, maana maji kidogo tu yanaua pampu ya presha. Hiyo pampu inalainishwa na dizeli yenyewe, ndiyo maana miaka ile ya uchakachuaji, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa mwaka 2011, watu walilia na nozeli. Filta ya dizeli badilisha mapema, nunua orijino. Kila wiki chomoa kijiti cha oili. Angalau mara moja kwa wiki toka nayo usiku barabara ikiwa wazi, Bagamoyo na kurudi, usizime hadi umalize.

Na pale kituoni shuka kwenye gari, simama karibu na pampu, mtamkie kijana "dizeli" na uangalie anachoshika. Akikosea akaweka petroli, usiwashe hata kuisogeza pembeni. Isukumeni kwa mkono, tangi limwagwe palepale.