Panya wa maabara anapimwa sukari kuliko mama

Mdogo wangu, nimesikiliza ujumbe wako wa sauti wote. Eti hapo Makorora, Tanga, wanasema nimepata kazi kiwanda cha dawa Kanada, nimegundua dawa ya sukari na ninaificha. Na wewe, unayemaliza biokemia, unataka nikufanyie mpango uje kula maisha. Imeniuma. Nakujibu bila kupamba, umsomee na baba mdogo.

Dawa sijagundua. Niko maabara Toronto, mji ambako insulini, kichocheo cha kongosho kinachoshusha sukari ya damu, ilipatikana mwaka 1921. Januari 1922 kijana wa miaka 14 mwenye sukari, Leonard Thompson, alichomwa maji ya kongosho la ng'ombe. Sindano ya kwanza haikumsaidia. Mwanakemia Collip akayasafisha upya, na siku 12 baadaye sukari ikashuka. Wagunduzi wakakiuzia chuo kikuu haki zao kwa dola 1 kila mmoja, watu wasikoseshwe dawa. Habari hiyo ndiyo iliyonifanya nisomee mambo haya, na mpaka leo nikiikumbuka napata nguvu.

Mimi nachunguza ini. Kwa mwenye sukari ya aina ya pili, ini halitii insulini, linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata kama mtu hajala tangu jana. Ndiyo maana mama anaamka kipimo kiko juu, nanyi mnamgombeza kwamba kala usiku. Acheni kumgombeza.

Sasa kinachoninyima usingizi. Ili ini lao nalo lisitii insulini, tunanonesha panya weusi kwa chakula ambacho asilimia 60 ya nishati yake inatoka kwenye mafuta. Siku ya kipimo panya ananyimwa chakula kwa muda wa saa sita, namchoma glukosi tumboni, kisha natoa tone la damu mkiani: kabla ya sindano, dakika ya 15, ya 30, ya 60, ya 120. Kila tone na kijiti chake kipya cha kupimia. Mashine ni ya mkononi, kama hiyo ya mama. Panya mmoja vijiti vitano kwa saa mbili, na panya wamejaa chumba. Jioni namwaga vijiti kwenye pipa la taka za damu, nikijua mama anajipima Jumatatu tu kwa kuwa boksi lake limebakiza vichache.

Usiniambie nichukue boksi moja. Ni mali ya ruzuku ya utafiti, sigusi. Nanunua kwa mshahara wangu, na mshahara wenyewe ni wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kodi ya chumba inakula karibu nusu. Kibali changu kinategemea mkataba, mkataba unategemea ruzuku ya profesa. Ruzuku ikikataliwa, nafungasha. Kwa hiyo hela ninayotuma ni ya insulini, vijiti na nauli ya kliniki. Siyo ya bati. Mwezi ule mlioezekea banda la uani, mama alivuta chupa moja ya insulini ikapitiliza siku 28 tangu ifunguliwe, akichoma nusu nusu. Nimeambiwa na jirani, si na ninyi. Isijirudie.

Kuhusu wewe: usije. Kazi iko huko. Kipimo cha HbA1c, cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, kinachotegemewa dunia nzima, kinaweza kusoma chini ya hali halisi kwa mtu aliyerithi kinasaba kimoja cha selimundu, na kwetu watu hao ni wengi. Suala hilo linamhitaji mtu aliyeko Tanga kuliko aliyeko Toronto. Lakini ukipata ufadhili wenye jina lako kwenye karatasi, njoo, tena usichelewe, kwa sababu mbinu nilizojifunza huku nisingezipata nyumbani. Bila karatasi hiyo usikope, usiuze shamba, usimpe wakala hata shilingi. Na ukija usiseme utakaa miaka miwili tu. Wote tulisema hivyo.

Barua ya kumwomba profesa niandikie mimi kwanza, niisahihishe. Taja makala yake moja uliyoisoma kweli, na swali uliloondoka nalo. Barua za "natafuta nafasi" wanazipata kila siku, hawazijibu.

Vijiti nimeshanunua. Rafiki yangu anatua Dar Ijumaa, kampokee mwenyewe usiku huohuo. Mama akabidhiwe vijiti mkononi, na hesabu ya maboksi anitumie mama mwenyewe.