Nina miaka 27, je baba yangu aliyeko Tanga lazima asaini fomu ya FAFSA?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nimetokea Tanga, nina miaka 27, nipo Columbus, Ohio tangu 2022, nlikuja kwa Green Card ya bahati nasibu. Nafanya kazi ghalani shifti ya usiku na sahivi nataka nisomee unesi koleji, nianze vuli hii ya 2026. Nyumbani nlimaliza form six nikasoma diploma ya ualimu, digrii sina. Sasa kuna kaka mmoja hapa mtaani anasema ili nipate hela ya serikali, ile inayoombwa kwa FAFSA, fomu ya serikali kuu ya Marekani ya kuomba msaada wa ada ya chuo, lazima baba atume mapato yake na asaini, alafu yeye atanijazia fomu kwa dola 150. Baba ni mstaafu, ana minazi yake kidogo, nikimwambia aandike mali zake kwa serikali ya Marekani presha itapanda. Mume wangu naye yuko Tanga, tumefunga ndoa mwaka jana, anaendesha bajaji. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba muache na minazi yake, hahusiki hata kidogo.

FAFSA inawagawa wanafunzi mafungu mawili, anayehesabika chini ya wazazi na anayejitegemea, na kinachoamua ni maswali ya kwenye fomu yenyewe, sio kaka wa mtaani. Kwa mwaka wa masomo 2026-27 ukiwa umezaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 2003 unajitegemea, basi, na wewe pia umeolewa, hiyo nayo peke yake ingetosha. Wengine wanaoingia ni waliotumikia jeshi la Marekani, yatima, mwenye watoto anaowalea kwa zaidi ya nusu ya matumizi yao, na anayesoma shahada ya uzamili. Ila niseme hapa kwa sababu naulizwa sana na vijana wa miaka 20, 21: kujilipia kodi ya nyumba na kutotumiwa hela na wazazi hakukufanyi unajitegemea machoni pa FAFSA, inauma lakini ndo sheria.

Na hiyo dola 150 usitoe! Fomu ni bure kabisa, iko studentaid.gov, na we mwenye Green Card una haki nayo sawa na raia. Tena mtu akikujazia anakaa na namba yako ya Social Security, ile ya utambulisho wako hapa Marekani, na password yako, akikosea kitu jina lililosainiwa ni lako sio lake.

Mtu wa kumhangaikia ni mumeo. Kwa sababu hamkufaili pamoja ritani ya kodi, yaani ile fomu ya mapato ya kila mwaka, taarifa zake zinatakiwa, yaani afungue akaunti yake mwenyewe, akubali taarifa za kodi kuangaliwa na asaini, akigoma we hupati hata senti ya serikali kuu. Kutokuwa na namba ya Social Security sio kikwazo, akaunti anafungua bila hiyo namba. Mapato yake ya bajaji ya 2024 mnaandika kwa dola, mnabadilisha shilingi kwa kiwango cha siku mnayojaza. Mpigie wikendi ukiwa hujachoka na shifti, mkae wote kwenye simu mfanye hatua kwa hatua, na akuandikie jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti.

Majina hayo mwanangu ndo yanatutesa sisi. Mimi nlijaza ya kwanza nikiwa na miaka 34, mezani jikoni, mtoto kalala, nikaandika majina yangu matatu kama tunavyoandika nyumbani, langu, la baba, la babu. Kadi yangu ya Social Security ilikuwa na mawili tu. Ikakataa kunitambua, nikarudia, ikakataa, nikalia pale pale nikidhani nimenyimwa chuo. Kumbe kadi ilikuwa kwenye pochi, ningeitoa tu nikanakili herufi kwa herufi. Kwa hiyo kabla hujagusa simu weka mezani kadi ya Social Security, Green Card yako kwa ajili ya ile namba inayoanza na A, na ritani yako ya 2024, maana wanaangalia mapato ya mwaka huo sio ya sasa. Kama sahivi umepunguziwa masaa na unapata kidogo kuliko 2024, jaza hivo hivo kwa ukweli alafu nenda ofisi ya misaada ya fedha chuoni na slipu zako za mshahara, wale wana ruhusa ya kurekebisha hesabu yako.

Ukimaliza utapewa namba inaitwa SAI, kipimo cha uwezo wako wa kujilipia masomo, inaweza kushuka mpaka hasi 1,500, ikiwa ndogo ndo vizuri. Hiyo ndo inapimia Pell Grant, hela ambayo hurudishi, kiwango cha juu ni dola 7,395 kwa mwaka. Na shukuru ulisoma diploma, maana mwenye digrii ya kwanza, hata iwe ya Dar, hapati Pell, na usije ukashauriwa na mtu uifiche kama unayo. Watakuonyesha na mkopo pia, anayejitegemea mwaka wa kwanza anaruhusiwa mpaka dola 9,500, lakini hulazimiki kuuchukua wote na mimi nakusihi usiuchukue kabla hujaona Pell imebakiza deni gani, koleji ya miaka miwili ada yake mara nyingi Pell inaimaliza au inakaribia.

Usingoje tarehe ya mwisho ya serikali kuu, jimbo na chuo wana tarehe zao za mapema, ulizia wiki hii. Ukikwama niandikie tena, ila namba ya Social Security usinitumie, hata mimi.