Maswali na majibu: historia ya amri kwenye Bash

Nimefungua terminali mbili. Amri za dirisha moja sizioni kwenye jingine, na umeme ukikatika zote zinapotea. Tatizo ni nini?

Ukibonyeza Enter, Bash (programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali) haiandiki amri hiyo kwenye faili. Inaitunza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na inakuja kuiandika kwenye `~/.bash_history` dirisha linapofungwa. Umeme ukikatika, au mtu akiiua Bash kwa `kill -9`, hakuna kilichoandikwa. Weka mistari hii mwishoni mwa `~/.bashrc`, faili la mipangilio ambalo Bash inalisoma kila ukifungua terminali:

`shopt -s histappend`
`PROMPT_COMMAND="history -a; $PROMPT_COMMAND"`

Sasa kila amri inaongezwa kwenye faili mara tu inapomaliza kazi. Ukitaka kuzipata kwenye dirisha la pili, andika huko `history -n`. Wapo wanaoiweka `history -n` nayo ndani ya PROMPT_COMMAND (amri ambazo Bash inaziendesha yenyewe kila amri yako inapomaliza), hatushauri. Utabonyeza kishale cha juu ukitegemea amri yako ya mwisho, kumbe inakuja `rm` (amri ya kufuta mafaili) ya dirisha jingine.

Nimeandika nywila ya hifadhidata ya MySQL ndani ya amri yenyewe. Nitaifutaje?

Kwanza badilisha nywila. Amri ilipokuwa inafanya kazi, huenda watumiaji wengine wa seva hiyo waliiona kwa `ps` (amri inayoorodhesha programu zinazofanya kazi), na hilo halifutiki.

Kisha andika `history | grep mysql` uone namba ya mstari. Tuseme ni 512:

`history -d 512`
`history -w`

Wengi wanaishia kwenye amri ya kwanza. Hiyo inafuta kwenye kumbukumbu tu, na kama ulishaweka `history -a`, nywila bado imekaa kwenye faili. `history -w` ndiyo inayoliandika faili upya. Angalizo: inaliandika kutokana na kumbukumbu ya dirisha hilo peke yake, kwa hiyo amri za madirisha mengine ambazo dirisha hilo halijazisoma zitapotea. Ukimaliza, hakikisha kwa `grep -n mysql ~/.bash_history`. Usitafute kwa kuandika nywila yenyewe, maana utakuwa umeirudisha kwenye historia.

Siku nyingine andika `mysql -u jina -p` bila kitu baada ya `-p`. Programu itakuuliza nywila. Kwa amri nyingine za siri, acha nafasi moja kabla ya herufi ya kwanza. Amri hiyo haitahifadhiwa kwenye historia, ikiwa mpangilio wa HISTCONTROL ni `ignorespace` au `ignoreboth`. Hakikisha kwa `echo $HISTCONTROL`.

Nimeongeza HISTFILESIZE mwishoni mwa .bashrc, lakini faili bado linakatwa.

Kwenye Ubuntu, `.bashrc` inakuja na `HISTSIZE=1000` na `HISTFILESIZE=2000`. Ya kwanza ni idadi ya amri kwenye kumbukumbu, ya pili ni ya kwenye faili. Bash inalikata faili papo hapo HISTFILESIZE inapopewa thamani. Kwa hiyo kila ukifungua terminali, mstari wa zamani wa 2000 unakata kwanza, ndipo wako unasomwa, na kilichokatwa hakirudi. Usiongeze mstari mpya. Badilisha uleule uliopo. Kuanzia Bash 4.3, thamani ya `-1` inaondoa kikomo.

Nitajuaje amri iliendeshwa saa ngapi?

Weka `HISTTIMEFORMAT="%F %T "` kwenye `~/.bashrc`, na usisahau nafasi ya mwisho, la sivyo saa itagandana na amri. Amri za kabla ya mpangilio huu hazina saa ya kweli. Bash itazipa zote wakati uleule, usiuamini. Mistari ya `#` na namba ndefu utakayoiona kwenye faili ndiyo saa zenyewe, iache.

Ctrl+R inatafuta kurudi nyuma. Nikipitiliza, nabonyeza Ctrl+S na terminali inaganda.

Haijaharibika. Terminali inaichukua Ctrl+S kama agizo la kusimamisha maandishi kabla haijaifikia Bash. Bonyeza Ctrl+Q iendelee, kisha weka `stty -ixon` kwenye `~/.bashrc`. Ukifungua terminali mpya, Ctrl+S itatafuta kwenda mbele.